Siku Walipomzika Mama Birago Akiwa Jikoni

Kamati iliundwa Jumatatu, na kufikia Jumatano ilikuwa imeshachagua rangi za kuvaa: nyekundu na nyeusi, za msiba. Mpita njia angeuliza nani amefariki, na jibu ni kwamba hakufariki mtu. Mama Birago alikuwa anafunga mgahawa wake wa fufu, ule ugali wetu wa mihogo na ndizi za kutwanga, pale kwenye kona ya mafundi redio, baada ya miaka thelathini na mmoja. Lakini watu wa mtaa wetu hapa Kumasi hawajui kumwambia mtu asante mpaka kwanza wamkodie turubai.

Mimi naitwa Anane. Nimemtwangia Mama Birago fufu miaka kumi na tisa, mimi nimesimama na mchi, yeye ameketi kwenye kigoda anageuza kwa mkono ndani ya kinu. Mchi ukipanda, mkono wake unaingia. Mchi ukishuka, mkono umeshatoka. Katika miaka yote hiyo nilimponda kidole mara moja tu, siku mpuuzi mmoja aliyepita aliniita jina nikageuka. Alikifunga kwa kipande cha kanga akaniambia, "Twanga bwana, watu wana njaa." Kwa hiyo nikisema namjua mama huyu, sisemi kama wale waliomjua kwenye kipaza sauti.

Alikuwa mfupi, mkali, na maneno matamu hakujaliwa. Alianza kupika mumewe alipokwenda Libya kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko. Mama Birago akauza cherehani yake akanunua kinu. Jumatatu alipika supu ya karanga, Jumanne ya chikichi yenye konokono, Jumatano supu nyepesi ya mbuzi, na kuendelea hivyo hadi Jumamosi. Jumapili alikuwa kanisani anaimba kwaya, na hata angekuja nani, hapikiwi. Mteja akilalamika pilipili imezidi, alionyeshwa pipa la maji. Akiomba nyama ya nyongeza, alitazamwa mpaka akasahau alichokuwa anaomba. Na bado walijaa, wakagombania mabenchi, wakalamba vidole.

Jambo moja alilishika kuliko hata kwaya: supu ya leo iishe leo. Hakuwahi kupasha moto ya jana, hakuwahi kurudi nyumbani na supu. Kwa wapishi wa fufu, kubaki na supu ni aibu kubwa, wenzako watakuuliza kama ulikuwa unawapikia mizimu. Kwa hiyo miaka minne iliyopita, ulipofunguliwa ule mgahawa wa vioo kule barabara kuu, wenye ubaridi ndani na kuku wa kukaanga, na watu wetu wakaanza kuhama mmoja mmoja, Mama Birago hakugombana na mtu. Alibadilisha sufuria. Aliiweka kando ile kubwa, akapikia ya wastani. Mwaka uliofuata akapikia ndogo. Mwisho alipikia sufuria ambayo mtu mwenye watoto wanne angeiona haitoshi nyumbani kwake, ili tu iishe. Hakufukuzwa na mwenye nyumba wala hakubomolewa na baraza la jiji. Aliachwa na watu, basi.

Na waliomwacha ndio walioketi kwenye kamati. Mwenyekiti alikuwa Bwana Fofie, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa miwani na maneno marefu. Huyu alikuwa akitoka kule kwenye vioo na mfuko wake wa chakula, akifika mbele ya jiko letu anauhamishia upande wa pili wa mguu, kana kwamba sisi ni vipofu wa upande mmoja. Katibu alikuwa Philomena, anayeuza vipodozi kwa simu. Ndiye aliyeandika kwenye kundi la mtaa, "Mama yetu anatuacha," akaweka sura zinazolia, kumi na mbili, nilizihesabu.

Kisha likaja bango. Mchapishaji wetu anajua bango la aina moja tu, na si la harusi. Picha ya Mama Birago ikawekwa katikati, mishumaa miwili pembeni, mawingu nyuma, na juu yake: NENDA SALAMA MAMA. Liliponing'inizwa kwenye nguzo, dereva mmoja wa teksi alisimamisha gari akavua kofia. Alhamisi mpwa wa Mama Birago akapiga simu kutoka Obuasi, analia. Mama mwenyewe ndiye aliyepokea. Mpwa akasalimia, kisha akauliza kwa adabu kile chumba cha Mama sasa kinakaliwa na nani.

"Na mimi," alisema Mama Birago, akakata simu.

Ijumaa mwenyekiti na katibu wakaja kutuletea ratiba. Kurasa nne, karatasi inayong'aa.

"Mama, kesho ni wote," alisema Bwana Fofie. "Mtaa mzima. Hakuna atakayebaki nyumbani."

"Mnakuja kula?"

"Mama nawe. Sasa tunakuja kufanya nini hapa kama si kula?"

Walipoondoka, Mama Birago aliingia stoo akaivuta ile sufuria kubwa. Ilikuwa imejaa utando wa buibui. Akaanza kuisugua kwa mchanga.

"Mama," nilimwambia, "hawa nawajua. Pika ya wastani."

"Wamesema wanakuja, Anane."

"Kusema wanajua. Kusema ndiyo kazi yao."

"Siku yangu ya mwisho sitapikia sufuria ya mgonjwa," alisema. "Nataka nifunge nayo hii, ikiwa tupu. Nikishaona chini yake, nitakwenda nyumbani nikakae, sitadai kitu kwa mtu."

Jumamosi alfajiri alikuwa na mbuzi mzima, konokono beseni zima, chikichi zimeshapondwa na kuchujwa. Saa nne tulianza kutwanga, mihogo na ndizi, mafungu hata sikumbuki mangapi. Mabega yaliniwaka moto, lakini niseme kweli, nilifurahi. Supu ilinukia mpaka kwa mafundi redio. Nikaanza hata kuwasamehe watu wa mtaa, mjinga mimi.

Saa sita wakawa wamejaa chini ya turubai, vitambaa vyao vipya vinachakarika. Mama Birago akatolewa jikoni, akavishwa utepe begani, akakalishwa mbele kwenye kiti chenye mito. Hotuba zikaanza, na hapo ndipo nilipojua binadamu akipewa kipaza sauti hana aibu tena.

Bwana Fofie alisema supu ya Mama Birago ndiyo iliyomsomesha. Alisoma Cape Coast, na mgahawa wetu ulipofunguliwa alikuwa ameshaajiriwa miaka saba. Mwingine, mwenye duka la matairi, alisimulia kwa machozi jinsi alivyokuwa akija kila Jumapili na marehemu baba yake kula supu ya bamia. Kila Jumapili. Nilimtazama Mama Birago, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Philomena alilia kwa mkono mmoja, wa pili ameshika simu anajirekodi, na machozi yaliposimama alirekodi upya. Walimvika mama wa watu kilemba cha ukoka kwa saa mbili nzima, na nyuma yao, hatua nane tu, supu inachemka.

Sasa, kwetu ratiba yoyote ina vipengele kumi na viwili, na kila mtu, hata mtoto, anajua kwamba kipengele cha kumi na tatu ni kula. Mwenyekiti alipotamka, "Kipengele cha kumi na tatu," watu walijinyoosha kwenye viti, na mimi nikachota maji ya kunawa. Nilikuwa nimeshapanga mabakuli ya udongo kwenye meza yote.

Likaja gari. Gari la mgahawa wa vioo, limeandikwa ubavuni. Wakashuka wasichana wawili wenye aproni wakaanza kugawa visanduku vyeupe, wali mwekundu na paja la kuku, kila mtu na chake, na maji ya chupa juu.

Philomena alimletea Mama Birago cha kwanza, kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Mama, leo hatukutaka uchoke. Leo wewe ni mgeni wa heshima."

"Nimepika," alisema Mama Birago.

"Tunajua, Mama. Wewe huwezi kutulia. Tutaonja baadaye."

Mama Birago alikiweka kile kisanduku mapajani. Alikifungua, akatazama lile paja la kuku, akakifunga. Watu walikuwa wanatafuna. Mwenye matairi alikuwa anamsifia mwenzake ule wali, kwamba hawa wanajua kupika. Nawaambia nilitamani kuwa na mchi wangu mkononi, na sikutaka kutwanga mihogo.

Hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mtu mwenye nia mbaya angekumbuka kwamba kuna jiko pale nyuma.

Mama Birago alivua utepe akaukunja.

"Mama, bado picha," alisema Bwana Fofie. "Kipengele cha kumi na nne."

"Pigeni."

"Bila wewe?"

"Si mnalo bango," alisema, akarudi jikoni.

Walipiga. Saa tisa walikuwa wameshatawanyika, visanduku vitupu vimezagaa chini. Wawili tu walichungulia jikoni. Mmoja aliomba kiberiti. Wa pili, mke wa Bwana Fofie, aliomba supu kidogo kwenye kikopo kwa ajili ya mbwa wao, kwa sababu mbwa huyo, alisema, anapenda sana mifupa ya Mama Birago. Nilimfungia mlango.

Sufuria kubwa ilikuwa imejaa hadi shingoni. Mama Birago alikaa mbele yake na upawa mapajani.

Ndipo wakaja watu wa turubai kukusanya viti. Walikuwa watano, watu wazima, wametoka kaskazini, mkubwa wao anaitwa Issaka. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Samahani, Mama. Hapa kuna chakula? Tangu alfajiri hatujatia kitu mdomoni. Vile visanduku walisema ni vya wageni."

Mama Birago aliinua kichwa. "Mnakula fufu?"

"Mama, tunakula hata kinu."

"Anane," aliniambia, "shika mchi."

Tulitwanga upya, maana ile ya mchana ilikuwa imekauka. Walikula wameinama, jasho linawatoka, bila hotuba. Issaka alimaliza bakuli la pili, akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akaita wenzake wa ghalani. Wakaja kumi na wawili, kisha dereva wa lori na wabeba spika wake, kisha wachomeleaji wawili waliofuata harufu tu. Mabenchi hayakutosha, wengine walikula wamesimama. Mmoja alilalamika pilipili, na Mama Birago, uso haujacheka, akamwonyesha pipa. Saa kumi na moja upawa ulikwaruza chini. Mama Birago aliinamisha sufuria kwenye mwanga, akaonyesha ndani, mimi nikaona na yeye akaona.

Issaka alikuwa ananawa.

"Mama, msiba ulikuwa wa nani?"

"Haukuwa msiba."

"Aa, pole. Basi Jumatatu mnafungua saa ngapi?"

"Hatufungui. Leo ndiyo mwisho. Kinu nimeshakiuza, Jumatatu kinachukuliwa."

"Kwa nini, na chakula kama hiki?"

"Wateja wameisha," alisema Mama Birago.

Issaka alifuta mikono kwenye suruali, taratibu, akawatazama wenzake.

"Ghala letu liko hapo nyuma ya kanisa, Mama. Miaka sita. Tunakula mkate na dagaa wa kopo. Juzi yule mzee wa miwani alipokuja kukodi viti, nilimuuliza, mzee, mtaa huu hakuna mahali tunaweza kula fufu? Akafikiri, akaniambia hakuna. Akasema zamani palikuwepo."

Mama Birago aliuweka chini upawa. Alikaa kwenye kigoda chake, mbele ya wanaume zaidi ya ishirini walioshiba, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye mabaki ya fufu, akalia.