Mikono ya Enesi Isiyotulia

Mikono ya Enesi haikujua kukaa. Hata kanisani ilikunja na kukunjua kitabu cha nyimbo mpaka jalada likang'oka. Pale Tunduma watu walimjua kwa mikono hiyo. Mzazi akirudi nyumbani na mtoto mchanga, Enesi aliitwa aje na taulo kumkanda kwa maji ya moto. Dereva wa lori akikaa siku nne kwenye foleni ya mpakani akashindwa kunyooka, aliitwa yeye huyo huyo na chupa yake ya mafuta. Alimchua mtu mpaka mtu akataja ukoo wake wote kwa maumivu, kisha akainuka akicheka.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mama yake kule Igamba, na sheria yake ilikuwa moja: ukikuta fundo, usiliache. Libane mpaka likubali.

Wiki tatu zilizopita alikuta fundo lisilokubali. Alikuwa kwao Igamba, baba yake Mzee Hezron amelala kifudifudi juu ya mkeka, analalamika mgongo. Enesi akachua mgongo, akamgeuza, akapitisha vidole chini ya mbavu za kushoto. Vikasimama. Palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kiazi mviringo kidogo, hakisogei wala hakilainiki.

"Umeona nini?" Mzee aliuliza.

"Misuli tu, baba. Imekaza."

"Nilijua! Mwenyekiti wa kitongoji ananisumbua niende Vwawa hospitali. Nikamwambia, hospitali yangu ni mwanangu."

Enesi akacheka naye. Angefanya nini? Miaka sita nyuma yeye ndiye aliyemshawishi mama yake aende hospitali. Mama aliingia kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Mzee Hezron hakumlaumu hata siku moja, ila tangu hapo hakukanyaga tena kwenye geti la hospitali, na Enesi hakuthubutu tena kumtaja daktari mbele yake. Basi akarudi Tunduma na siri yake kwenye ncha za vidole. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alifagia uwanja mara tatu kwa siku, na vumbi la malori likaujaza tena mara tatu.

Ndipo Mwanakombo, jirani yake muuza vitenge, mwenyeji wa Tanga, alipomletea habari. Kuna bibi mmoja, muuguzi mstaafu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anafundisha kitu kinaitwa reiki. Mafunzo ya wanaoanza, siku mbili.

"Ni nini hicho?"

"Ya Kijapani. Unaweka mikono tu juu ya mtu, anapata nafuu. Twende shoga yangu. Mimi sina usingizi, wewe huna utulivu. Tukaone nani atapona kwanza."

Mwanakombo alisema kwa mzaha, lakini moyo wa Enesi uliruka. Mikono yenye nguvu ya kuyeyusha kile kitu! Angerudi Igamba, angekiondoa kimya kimya, na hakuna mtu ambaye angelazimika kuingia hospitali wala kuambiwa kwamba alidanganywa.

Mafunzo yalikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Wanafunzi walikuwa wanane. Viatu mlangoni, mikeka sakafuni, saa kubwa ukutani, na chini barabarani honi za malori zikigombana. Bibi Leah alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kibemba. Alianza hata kabla ya watu kukaa vizuri.

"Nisikilizeni tafadhali, mukwai. Hapa hatutibu. Hatumwambii mtu anaumwa nini. Mwenye dawa zake asiziache. Mwenye uvimbe aende hospitali. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, sitaki kusikia mtu amekufa mikononi mwa mwanafunzi wangu."

Enesi akatazama viatu vyake mlangoni. Alitaka kuondoka palepale, lakini Mwanakombo alikuwa amekalia pindo la kitenge chake.

"Sasa tunajifunza nini?" aliuliza Deus, dereva mnene aliyekuja kwa ajili ya kiuno chake.

"Kugusa na kutulia. Mtu apumzike."

"Kutulia? Bibi, mimi nimetulia kwenye foleni tangu Jumamosi. Nipe cheti changu niende."

Watu wakacheka. Mwanakombo akanyoosha mkono. "Mimi ni Muislamu, bibi. Hakuna kuita majini hapa?"

"Hakuna. Ukiona jini limetokea, ujue umekuja nalo wewe."

Asubuhi ile walielezwa jinsi jambo hili lilivyoanza Japani, yapata miaka mia moja iliyopita. Walifundishwa kuvuta pumzi hadi tumboni na kuitoa taratibu. Walirudia maneno ya kujiambia kila asubuhi: kwa leo tu, sitakasirika, kwa leo tu, sitahangaika, kwa leo tu, nitafanya kazi yangu kwa uaminifu. Enesi aliyasema mawili ya kwanza kwa sauti. La tatu lilipofika, akajifanya anakohoa.

Baadaye wakaketi wamefumba macho, viganja vimekutana kifuani, na Bibi Leah akapita nyuma yao mmoja mmoja, akiwagusa utosini na mikononi. Hiyo ndiyo iliyoitwa kufunguliwa. Mwanakombo alisema ameona joto. Deus alisema ameona usingizi. Enesi aliwashwa pua tu, na alipojikuna, Bibi Leah akaurudisha mkono wake kifuani kama anayemrudisha kuku bandani.

Mchana walianza mazoezi, wawili wawili. Mikono huwekwa machoni, masikioni, kisogoni, mabegani, kifuani, tumboni, magotini, nyayoni. Kila mahali dakika tano kwa saa ya ukutani, bila kukandamiza. Enesi alipewa Deus. Walipofika mabegani, dakika ya kwanza alivumilia. Ya pili, dole gumba lake la kulia lilikuwa limeshatoroka, limezama begani mwa Deus.

"Hapo! Hapo hapo, dada!" Deus akanguruma.

"Enesi, unachua," Bibi Leah akasema.

"Kuna fundo, bibi."

"Liache."

"Nitaliachaje na nimeshalishika?"

"Ndiyo kazi ya leo hiyo."

"Bibi, usimkataze!" Deus akalia. "Hiyo ndiyo reiki ninayoitaka mimi!"

Siku nzima ikawa vita hiyo. Mikono ya Enesi ilihangaika kama mbuzi aliyefungwa mbele ya mahindi mabichi. Dakika tano zilikuwa ndefu kuliko safari ya Mbeya. Bila kazi, vidole vilikumbuka. Kila alipoviweka tumboni mwa mtu, vilisogea vyenyewe upande wa kushoto, chini ya mbavu, kutafuta. Usiku huo hakupata hata lepe la usingizi.

Siku ya pili ilikuwa zamu yake kulala. Mwanakombo akamwekea viganja machoni, akaja kichwani, akafika tumboni. Viganja vya joto vinavyonuka ubani, vimetua tu, havidai kitu. Enesi hakuwa na la kushika, la kufua wala la kubana. Alilala na lile alilolijua. Akainuka ghafla, nusura ampige Mwanakombo kichwa, akatoka nje hadi kwenye ngazi.

Bibi Leah alimfuata, akakaa ngazi moja chini yake.

"Ni nani?" aliuliza.

"Baba."

"Umeshika nini?"

"Kitu kigumu. Kushoto, chini ya mbavu. Hakisogei."

"Anajua?"

"Nilimwambia ni misuli." Enesi akamgeukia. "Bibi, nifundishe ile ya kukiondoa. Najua ipo. Huwezi kuiweka wazi mbele ya wote, naelewa. Nifundishe mimi."

"Haipo, mwanangu."

"Hata daraja la pili?"

"Hata la kumi. Ningekuwa nayo ningekuwa nakaa juu ya duka la matairi?" Akamshika viwiko. "Sikia. Usikichue tena, hata mara moja. Na usingoje cheti. Nenda."

Enesi hakurudi hata kumuaga Mwanakombo. Alivaa viatu akishuka ngazi. Alipanda gari hadi Vwawa, kisha bodaboda, na alimhimiza kijana wa bodaboda njia nzima mpaka yule akauliza kama kuna msiba.

Alimkuta Mzee Hezron shambani, anachuma kahawa iliyoiva, mkono mmoja mtini, mwingine kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kunichua! Mungu amekuleta, tangu juzi hili linanila."

Wakaenda kibarazani. Mzee akalala chali mwenyewe, akavuta shati juu. Enesi akapiga magoti na kumwekea viganja tumboni, vyepesi, akaviacha hapo. Mzee akangoja. Akafungua jicho moja.

"Mbona unanigusa kama anayechagua nyanya za watu? Chua."

"Sitachua, baba."

"Umechoka?"

"Nilikudanganya. Hii siyo misuli. Sijui ni nini. Nilikishika siku ile ile, nikaogopa."

Jogoo alipita, akatazama, akaenda zake.

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

"Wiki tatu unaniambia misuli." Akainuka, akashusha shati, akalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. "Mwenyekiti nilimfukuza hapa kwa neno lako, Enesi. Nilimwita mchawi."

"Nilimpeleka mama, baba, ukabaki peke yako. Sikuweza kukupeleka na wewe."

"Mama yako alikwenda amechelewa!" Sauti ya Mzee ilipanda, kisha ikavunjika. "Alinificha ugonjwa wake miezi minne. Ulifikiri kosa ni lako? Mimi sikanyagi pale kwa sababu naogopa, basi. Mwanaume mzima. Naogopa."

Akarudi shambani. Enesi alimsikia akivuta matawi kwa hasira, punje zikidondoka nje ya kikapu. Alitaka kumfuata, akajizuia. Alitembea kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni, mpaka jua likaegemea mlima.

Mzee aliporudi alitua kikapu. "Kahawa hii itaozea mtini."

"Nitaichuma mimi. Yote."

"Wewe unachuma na majani." Akanawa mikono. "Gari la kwanza la Vwawa linapita saa ngapi?"

Asubuhi, katika chumba cha daktari, Mzee Hezron alivua shati bila kuambiwa, akalala. Daktari, binti mdogo kuliko Enesi, akamuuliza anaumwa wapi. Mzee akakunja midomo, kisha akanyoosha kidole kwa mwanawe.

"Muulize huyo. Yeye ndiye aliyekiona."

Enesi akasogea. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilitaka kukimbia, lakini akaushika mkono wa daktari, akauongoza chini ya mbavu za kushoto, akautua.

"Hapa," alisema. "Taratibu, daktari. Usikandamize."