Usubi wa Kwenye Utomvu na Wale wa Lamboni Kwetu

Mimi darasa la nne sikumaliza, kwa hiyo nikikosea mambo ya wadudu mnisamehe. Mjukuu wangu wa kike anayasomea chuo kikuu. Likizo iliyopita alikuja kwetu Kasoli, akanionyesha kwenye simu picha ya usubi, kale kadudu kadogo kanakotuuma jioni, kamekaa ndani ya kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa mti ulioganda mpaka ukawa kama jiwe. Utomvu naujua. Tukichunga utotoni tulitafuna gundi ya mgunga pamoja na wadudu wake, tukatema miguu tu.

"Huyu alikufa kabla ng'ombe hawajakuwepo, babu."

"Sasa alikuwa anamnyonya nani?"

"Ndicho tunachotafuta. Kwanza nijue jamaa zake walio hai wanamnyonya nani."

Alihitaji usubi wenye damu tumboni. Siku tatu alikosa, na kesho yake alikuwa anaondoka. Bila wadudu, kazi yake ya chuo ilikuwa imekwama.

Jioni ya mwisho akamfunga mtamba wangu zizini, akamzungushia chandarua, chini akakiacha wazi ili usubi waingie wasijue kutoka. Mimi nikamwonea huruma mtamba. Mkono wenyewe ukawasha samadi kavu, kama kila siku. Moshi ukajaa zizi zima.

"Babu! Umewafukuza wote!"

"Nimezoea kuwafukuza, mama. Kuwakaribisha sijazoea."

Hakucheka. Nikamwagia moto maji, moshi ukazidi. Bibi yake akapaza sauti jikoni: "Mzee, ukimaliza kumharibia mtoto, njoo uniharibie na ugali!"

Aibu ndiyo iliyonikumbusha tope la lamboni, pale ng'ombe wanapokanyaga wakinywa. Hapo ndipo usubi wanapotokea. Tukampeleka mtamba, tukatundika chandarua upya. Mtamba hakutulia, nikaingia ndani kumshika, na shati nilikuwa nimelivua kwa sababu ya moshi. Wakaja, jamani! Mjukuu akawavuta na mrija wake mmoja mmoja, matumbo mekundu.

Nyumbani akanipa lenzi, nitazame mistari ya bawa, kisha ile ya kwenye simu. Karibu sawa. Anasema ukoo wao anaufuata hivyo. Nikamwambia, mtamba yule pembe zake zimeinama kama za ng'ombe bibi yake, aliyeletwa kwa mahari ya dada yangu. Mbona kazi hiyo naifanya miaka yote!

Asubuhi alipanda basi kapakata vichupa kama mayai. Alisema damu nyingine humo huenda ni yangu. Basi nilibaki najikuna na kufurahi. Shule ilinishinda, lakini chuo kikuu nimefika, tumboni mwa usubi.