Programu ya Zamu za Maji

Kaka yangu ndiye aliyetaka nitengeneze ile programu. Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Same, huku nikisomea shahada ya pili kwa kujikokota. Yeye alibaki kwetu, kwenye miteremko ya milima juu ya Hedaru, akilima mahindi na maharage kwa maji ya ndiva, lile bwawa walilochimba babu zetu ili maji ya kijito yajikusanye usiku na kufunguliwa asubuhi. Alikuwa mwenyekiti wa mfereji unaogawa maji hayo mashambani, na kazi hiyo ilimkondesha. Kila msimu mvua ilikuja na tabia yake, na kila msimu watu waligombania zamu hadi kushikana mashati.

"Uliniambia kompyuta inaweza kutafuta njia nzuri hata kwa jambo lisilotabirika," alisema siku moja tukiwa nyumbani kwa mama. "Basi itutafutie zamu."

"Mvua haijulikani, kaka."

"Ingekuwa inajulikana nisingekusumbua."

Nikaanza. Nilitunga mipango mingi ya zamu, yote ya kubahatisha tu: shamba hili leo, lile keshokutwa. Kila mpango niliujaribu kwenye misimu mingi ya kubuni, mingine ya mvua za kuchelewa, mingine ya mvua zinazonyesha kwa fujo kisha zikakatika. Mipango iliyoleta mavuno mazuri niliiacha izae: nusu ya mmoja ikaungana na nusu ya mwingine, na hapa na pale zamu moja ikabadilishwa bila sababu yoyote. Iliyoshindwa ikafutwa. Kizazi kikafuata kizazi, laptopu ikipata moto juu ya meza, umeme ukikatika naanza upya.

Kaka alielewa upesi. "Kumbe ni kama kuchagua beberu wa mbegu," alisema.

Msimu wa kwanza wa kuitumia ulikwenda vizuri. Watu walipata maji kwa wakati, na kaka akalala usingizi. Mama alinipigia simu akaniambia sauti ya mwanawe imerudi kuwa ile ya zamani. Nilifurahi, ila sikujua nini hasa nilikuwa nafurahia.

Vuli iliyofuata maji ya kijito yalipungua. Haikuwa mvua peke yake. Huko juu watu walikuwa wamefungua mashamba mapya ya tangawizi, wakatega mabomba, na maji tuliyoyakuta kwenye ndiva asubuhi hayakufika hata nusu ya bwawa. Kaka alinieleza, nami nikaingiza kiasi kipya cha maji, nikaiamuru programu itafute tena.

Haikupata kitu. Ilizunguka, ikazaa, ikafuta, na kila mara ikarudi na mpango uleule uliobadilika kidogo tu. Nilipoikagua mipango iliyobaki ndani yake nilielewa. Ilikuwa yote ya ukoo mmoja. Msimu ule mzuri ulikuwa umewaua wengine wote, na sasa dunia ilipobadilika hapakuwa na mgeni hata mmoja wa kuoana naye. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma, tena nimelifundisha. Kulisoma ni rahisi.

Nilifanya kazi karibu wiki mbili. Nikaongeza mipango migeni ya kubahatisha katika kila kizazi, nikazuia iliyofanana isijazane, nikaihifadhi hata ile dhaifu kwa sababu huenda hali ikaigeukia. Ikaanza kutafuta vizuri. Mpango iliouleta ulikuwa mkali: baadhi ya mashamba yaachwe bila maji kabisa, yaliyobaki yashibe. Nilimtumia kaka kwa simu. Alinipigia akiwa shambani.

"Mahindi yameshatoa mbelewele, yamekauka," alisema. "Huu mpango ungekuja mapema, ningeugombania. Sasa nikamwambie nani aache maji, na maji yenyewe hakuna?"

"Pole, kaka."

"Usinipe pole. Mimi ndiye niliyewaambia watu waiamini."

Hakuna aliyemtukana. Nadhani matusi yangekuwa nafuu kwake. Kwenye mkutano wa mfereji walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakaondoka mmojammoja. Baada ya hapo wakikutana naye njiani walimsalimia vizuri, lakini hakuna aliyesimama kuzungumza. Akaacha uenyekiti. Muda si mrefu akaaga kwamba anakwenda Morogoro kukodi shamba la mpunga, atarudi akishavuna. Mama alimfungia makande kwenye chombo, akamsindikiza hadi barabara kuu Hedaru, akarudi peke yake.

Hakurudi alipovuna. Hupiga simu, anasalimia, anauliza mvua. Nikimuuliza kuhusu kurudi anasema mtandao unasumbua.

Programu inafanya kazi sasa. Mwenyekiti mpya wa mfereji huniletea habari za maji, nami humtumia mipango kadhaa, si mmoja, achague na wenzake. Tatizo lililobaki si la maji. Kila msimu lazima niiambie programu ni mashamba gani yatalimwa, na kila msimu ni machache. Vijana wanashuka mjini, wengine wanapakia malori barabarani.

Kabla ya vuli hii nilipanda kwenda kumuuliza wifi yangu, mke wa kaka aliyebaki na shamba lao, kama atapanda mazao. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Unataka jibu la kuweka kwenye kompyuta, wifi?"

"Nataka jibu tu."

Aliendelea kuchambua. "Mwaka huu sipandi," akasema. "Nimechoka kuangalia juu."

Nilikaa naye mpaka maharage yakaisha. Tulizungumza habari za mama na mgongo wake, habari za kuku, habari za barabara iliyobomoka. Kisha nikashuka kwenda kusubiri basi la Same.