Kete ya Katikati

Jirani yangu hapa Unyambwa anagonga debe tangu alfajiri, anafukuza ndege kwenye uwele wake. Kila likilia, goti langu la kulia linaitikia. Nimekaa kizingitini nalikanda kwa mafuta ya alizeti, nimechoka kabla siku haijaanza, na ninamkumbuka bibi mzaa mama.

Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa kwake Mungaa msimu wa kuamia ndege. Katikati ya shamba palikuwa na jiwe pana, ambalo mchana liliunguza makalio. Juu yake bibi alichora mraba kwa mkaa, akaukata kwa msalaba, kisha akaunganisha pembe kwa pembe. Njia zilikutana mahali tisa. Yeye alikuwa na vigae vitatu vya chungu, mimi kokoto tatu. Tuliweka moja moja kwa zamu. Zikiisha, unasogeza moja, hatua moja, kwa kufuata mstari, bila kuruka. Anayetangulia kuzipanga tatu mstari mmoja ameshinda. Aliyeshindwa anachukua debe na kulizunguka shamba zima.

Bibi hakushindwa. Mshindi ndiye aliyeanza, kwa hiyo kila mara aliwahi katikati, maana hapo ndipo njia nyingi hupita, akatulia humo kama kuku anayeatamia.

"Kwenye kete hakuna bibi wala mjukuu," alikuwa akisema. "Beba debe."

Nilizunguka na mbigili miguuni, nikiamini hakuna mzee mwenye roho mbaya kama huyu Mungaa nzima.

Siku moja alisinzia kabla ya kuweka kete. Nikawahi mimi katikati. Alipofumbua macho hakubisha, akacheza, na haikuchukua muda kokoto zangu zikajipanga. Nilirukaruka juu ya jiwe. "Haya bibi, debe hilo!"

Alinitazama, akalitazama shamba. Angeweza kunituma tu, ningekataaje? Lakini sheria ilikuwa yake. Akaliinua debe, akashuka jiweni kwa kujiburuza, akaenda. Debe lililia mara mbili tatu, likanyamaza kitambo, likalia tena kwa mbali. Mimi nilitafuna karanga na kucheka. Aliporudi jua lilikuwa limegeuka, na upande wa bondeni ndege walikuwa wameshakula. Akakaa, akanyoosha mguu kwa mikono miwili, akapanga kete upya.

Nisamehe, bibi. Ulikuwa unashinda kila siku ili usilazimike kusema kwamba huwezi kutembea, na mimi nikadhani unanionea.

Mjukuu wangu Zawadi amekuja na kipande cha boksi alichokichora, kokoto mkononi.

"Shikamoo bibi. Tucheze. Atakayeshindwa akachote maji bombani."

"Marahaba. Leta hapa."

Bomba liko mbali, kule mtelemkoni. Naweka kete yangu katikati, na leo sitoki.