Kombe la Babu

Tangu biashara iwe huria, wageni wameongezeka katika makumbusho ya Bujora, na mjukuu wangu ndiye huwatembeza. Juzi nilimkuta akiipaka ngoma kuukuu samli. Harufu ile ilinikalisha chini.

Bibi yangu alipaka samli kama ile kwenye kombe la babu, kipande cheupe cha mviringo cha gamba la baharini kilichotoka pwani zamani, kisha akanifunga nalo shingoni kwa kamba. Mimi nilirithi jina la babu, aliyekuwa marehemu, kwa hiyo bibi aliniita mume wangu. Kombe likiwa shingoni mwangu, babu alikuwa nyumbani.

Shuleni walinicheka. "Mzee, mkeo ameshapika? Mpagani wee!"

Siku moja nilipanda mwamba ufukweni mwa ziwa, nikaikata kamba, nikalitupa kombe mbali kwenye kina. Nyumbani nikasema limedondoka nikioga.

"Wapi?" bibi aliuliza.

Nilimwonyesha maji mafupi, pale ambapo halikuwepo.

Kila asubuhi alikunja nguo, akaingia ziwani, akapapasa mawe kwa nyayo zake. Mimi nilikaa juu ya mwamba nikimtazama. Siku ya nne nilishindwa, nikalia, lakini ukweli sikuusema. Alitoka majini akitetemeka, akanifuta machozi kwa kiganja chenye matope.

"Nyamaza, mume wangu. Kosa ni langu. Kamba niliifunga vibaya."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nikila chakula chake kila siku. Alikufa akiamini hivyo.