Ruta ya Deus Masalu

Siku ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku wachimbaji wenzangu walipokuja kunipiga mchana kweupe, pale Geita, mlangoni pa kibanda changu cha intaneti. Nilikuwa nimeacha kushuka shimoni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya mitambo nilimwachia fundi. Jina lake nalitaja wala sioni aibu: Deus Masalu, wa Kahama. Alileta ruta, kile kiboksi kinachogawa intaneti, akaniambia, "Kaka Shija, hii usiiguse. Humu ndani kuna siri ya fundi." Nikacheka, nikamnunulia soda.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mteja akitaka kufungua akaunti yake, ruta inampeleka kwenye ukurasa wa bandia, na nywila anayoandika, yaani neno lake la siri, inamfikia Deus. Ndugu za wateja wakaanza kupata ujumbe wa kuomba msaada wa pesa, kwa majina ya wateja, na wenyewe hawakutuma. Wakaulizana: wewe uliingilia wapi? Kwa Shija. Na wewe? Kwa Shija.

"Toka nje, mwizi!" Mmoja alikuwa na sururu. Nikapiga kelele kwamba kiboksi alikileta Deus, akanikataza kukigusa, eti ni siri ya fundi.

Aliyesimama kati yetu ni Mzee Ng'wandu, fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia udongo wa shimo. Lakini hakunitetea. Alinigeukia mimi.

"Shija, ukishuka shimoni unaanza na nini?"

"Shikamoo mzee... naanza kugonga matimba, nisikie kama yameoza."

"Marahaba. Nikiyafunika kwa turubai nikasema ni siri ya fundi, utashuka?"

"Sishuki, mzee."

"Sasa hiki kiboksi ulikigonga wapi?"

Mwenye sururu akaangua kicheko. "Huyu siyo mwizi bwana, ni mjinga tu!" Iliniuma, lakini ndiyo iliyoniokoa. Wakanipa siku mbili niwaonyeshe mwizi.

Nikamwita Nyamizi, binti fundi wa hukohuko Kahama. Akaifungua ruta mbele yao, akatuonyesha nywila zilikokuwa zinakwenda: kwenye kompyuta yenye jina la Deus, hata kujificha hakujua. Akafuta kila kitu, akaweka programu huria, ile ambayo maandishi yake hayafichwi. Fundi yeyote, wa hapa au wa ng'ambo, anaweza kuyasoma akasema hapa pameoza. Deus hakufungwa. Anatembea Kahama na viatu vinavyong'aa. Na mwenye kosa wa pili namtaja pia: mimi, niliyeuziwa mbuzi kwenye gunia nikashukuru.

Siku hizi nimetulia. Watu wale wale wanakuja, wanakaa, wananitania.

Basi, mwanangu, chombo kinachobeba siri za watu usikipokee kwa fundi anayekukataza kuangalia ndani. Chukua kilicho wazi. Ila uwazi peke yake haulindi kitu. Kisipokaguliwa, kinaoza kama kingine. Toleo jipya la programu likitoka, liweke. Kama hujui kusoma mambo hayo, mwite anayejua, kisha mwite mwingine amkague huyo.

Mungu akupe macho makali na watu wa kukukemea mapema. Zizi lako lijae, na jina lako litajwe kwa heri hata usipokuwepo.