Rafiki yangu wa gemu hapatikani, na mama yake amekuja shuleni kunitafuta

Admin, nakuomba unifichie jina na picha yangu. Na nyinyi mtakaosoma, najua wengi mtanitukana. Tukaneni, lakini mmoja wenu anijibu, maana nimebaki na siku mbili tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 29, mwalimu wa sekondari Kasulu. Nilipangiwa huku kutoka mkoa wa mbali, sina ndugu hata mmoja wilaya nzima. Mimi ni shoga. Sijawahi kuliandika neno hilo mahali popote.

Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari nilikuwa nacheza gemu kwenye simu, ile ya vikosi, mnaingia wanne mnapigana huku mnaongea. Siku moja mtu wa kikosi kingine alitutukana, "mashoga nyie." Mwenzetu mmoja akajibu kwa utulivu, "Sasa na hao mashoga ndio wanakumaliza, jifiche vizuri." Tulicheka mpaka tukapoteza mchezo. Baadaye, kidogo kidogo, tukajuana kwamba wote wanne tuko hivyo. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mombasa, na huyo aliyejibu yuko Kibondo, anajiita Mgebuka, kama samaki wa huku Kigoma.

Jamani, hapakuwa na mambo mnayofikiria. Tulikuwa marafiki. Tuliongea habari za mabosi, maharage yaliyoungua jikoni, mashangazi wanaouliza harusi lini. Mgebuka alikuwa anaanza kila mchezo kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye!", hata iwe saa kumi na mbili jioni, na sisi tunamwambia hiyo salamu ni ya asubuhi. Kwangu mimi ile saa moja ya gemu ndiyo ilikuwa nyumbani.

Tulionana uso kwa uso mara moja tu, alipomleta mama yake hospitali ya Kabanga, hapa Kasulu, kwa ajili ya goti. Nilienda kuwaona, tukala ugali mgahawani pale karibu. Akamwambia mama yake, "Huyu ndiye mwalimu rafiki yangu wa kwenye simu." Mama akanishika mkono, akasema nimekonda, niwe nakula.

Mwezi uliopita Mgebuka akapotea. Siku tisa kimya. Jumamosi mchana nikaona jina lake limewaka, nikafurahi kama mtoto. Lakini hakuongea, aliandika tu: "Mambo. Nimepoteza namba yako. Nitumie na jina lako kamili." Mgebuka haandiki hivyo, na jina langu analijua. Nikaandika, "Goti la mama linaendeleaje?" Mara kwenye gemu nikasikia sauti ya mwanaume mkubwa.

"Mimi ni kaka yake. Nimesoma yote mliyoandikiana. Mko wangapi? Wewe ndiye yule mwalimu wa Kasulu?"

Nilizima simu. Nikafuta gemu, nikabadilisha laini. Rafiki wa Mwanza nilipompigia kwa laini mpya aliniambia, "Futa kila kitu, na sisi tusahauane, kila mtu abebe lake." Tangu hapo hajanitafuta tena. Nilikuwa nikiingia darasani, mlango ukigongwa chaki inanidondoka.

Juzi, mapumziko ya saa nne, mwanafunzi akaja kuniambia kuna mgeni getini. Nilijua ni yule kaka. Nikafikiria kuruka ukuta wa nyuma, walahi. Nilipochungulia nikamwona mama yake Mgebuka, peke yake, amekaa chini na mfuko wake, goti amelinyoosha. Amepanda basi kutoka Kibondo, akauliza shule hadi shule mwalimu wa namna yangu mpaka akanifikia.

Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Mwana wanje yuko kwako?"

Nikamwambia mwanawe hayupo. Uso wake ulivyobadilika sitausahau. Akanieleza kwamba kaka mtu alichukua simu, akasoma, akampiga mdogo wake mbele ya majirani. Alfajiri yake kijana akaondoka na nguo alizovaa. Mama alikuwa na tumaini moja tu, kwamba amekimbilia kwangu. Siku zote hizo alikuwa analala akijiambia yuko kwa mwalimu, anakula.

Mkuu wa shule akapita, akauliza huyu mama ni nani. Mama akajibu, "Ni mwanangu huyu. Alinisaidia nilipougua." Mkuu akaenda zake. Mama akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Sikuja kukugombeza. Mlivyo mimi sielewi, nitamuuliza Mungu mwenyewe. Mimi nataka kujua kama anapumua."

Sasa anataka kwenda polisi kutoa taarifa. Kaka mtu amekataa, anasema ni aibu ya ukoo. Mama hajui kuandika, na Kiswahili chake kinaisha akianza kulia. Ameniomba niende naye Ijumaa, niseme nilivyomfahamu mwanawe. Nikienda, wataniuliza tulijuanaje, na simu yenye kila kitu iko mikononi mwa kaka yake. Sheria mnaijua. Kazi itaondoka, na huenda nisirudi nyumbani siku hiyo. Nisipoenda, atasimama pale kaunta peke yake, na hakuna mwingine duniani anayemtafuta rafiki yangu.

Leo ni Jumatano. Amelala kwa mtu wa kanisani kwao hapa mjini, na asubuhi amenipigia kuuliza kama nimekula.

Jamani, niende naye? Niambieni, mngekuwa mimi mngefanyaje?